Vile Nilimfundisha Kimanzi Vibaya

Migwani,
Jumapili, saa kumi za jioni

Mwaitu Mbithe,

Kuna mtu nimemkosea, na wewe unamjua. Ni Kimanzi wa Tseikuru, yule mzee wa mbuzi mwenye alikuja Jumamosi kwa sherehe yako na beberu nyekundu, akakuwekea mkono kichwani akakubariki. Nilimkosea tukiwa vijana chuoni, karibu miaka ishirini sasa. Halafu Jumamosi nikamkosea tena, nimesimama kando yake, nyama ya beberu yake ikiwa kwa sahani yangu. Mama yako hajui. Kanisani hawajui. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu kesho unaenda kusomea ualimu, na kosa langu ni kosa la ualimu.

Saa hii mko kanisani mnaombewa. Mama yako ameniuliza, "Baba Mbithe, hata siku ya kuombea mtoto unabaki na ng'ombe?" Nikasema nina barua ya kuandika. "Ya nani?" Ya mtu anasafiri. Akacheka. "Msafiri si huyu hapa? Mwambie tu." Ningeweza kusema tu, ningekuwa nimesema kitambo.

Habari ya blanketi na sabuni na marafiki wabaya sitaandika. Hayo amekuambia mara tatu, na kesho kwa stendi atakuambia mara ya nne. Mimi nitaandika yenye yeye hana.

Lakini wacha nianze na furaha, maana furaha ndiyo nyingi. Nakuita mwaitu kwa sababu una jina la mama yangu, na mama yangu alikufa hajui kusoma hata jina lake kwa mfuko wa mahindi. Sasa jina hilo linaenda kuandikwa kwa rejista ya chuo cha ualimu. Tangu asubuhi nimekuwa nikilisema peke yangu nikikamua, Mbithe wa chuo, mpaka ng'ombe akaniangalia.

Ile siku barua ya chuo ilifika nilikuwa juu ya kilima na akina mama wa mwethya, wale wa kulimiana kwa zamu, tunapima mtaro. Nikaona mama yako anapanda na bahasha, haijafunguliwa, ameishika mbele yake kama mtu amebeba yai. Wewe uko nyuma, unatembea kama mtu ameitwa kwa chifu. Mkafika. Ukafungua, ukasoma Kiingereza kimyakimya mpaka mwisho, na mama thelathini wameegemea majembe wanakuangalia midomo. Halafu ukasema, "Wameniita." Hiyo tu.

Nyanya Kalekye, mwenye hajawahi kukalia dawati, akatupa jembe chini. "Leo mwethya imefungwa," akasema. "Huyu ni wetu." Nikamwambia bado tuna mita kumi na tano. Akaniambia, "Pima wewe na mbuzi." Wakakushusha kilima wakiimba, mmoja amebeba viatu vyako, mwingine amebeba bahasha. Mimi nikabaki na kamba na vijiti. Nikalia kidogo, ya furaha. Halafu nikaangalia mkononi nikaona nimeshika pimamaji, na kile kilio kikageuka kikawa kingine.

Pimamaji unaijua tangu uzaliwe. Kachupa ka kioo, maji ndani, na kapovu ka hewa kadogo kanakimbia huku na huku. Unakaning'iniza hako kachupa katikati ya kamba, watu wawili wanashika vijiti kwa ncha, na kapovu kakitulia katikati basi kamba imelala sawa. Kakikimbilia upande mmoja, huo upande ndio uko juu. Hewa inapanda. Watoto wa darasa la nne nimewafundisha wakajua kwa dakika mbili. Lakini kuna siku mimi sikujua, na nikafundisha.

Kwa chuo cha kilimo tulikuwa Wakamba watatu chumba kimoja: mimi, Kimanzi, na kijana mmoja wa Kikima anaitwa Mutua. Mutua alizaliwa kwa ile milima ya Mbooni na alikuwa anatucheka. "Nyinyi watu wa Kitui mlizaliwa kwa sahani," anasema, "kilima mnaonyeshwa kwa picha." Kimanzi anamjibu, "Na wewe ulizaliwa umening'inia, ndiyo maana shingo ni ndefu." Hivyo ndivyo tuliishi.

Masomo ilikuwa mingi kutushinda. Kimanzi ndiye alileta wazo. Akasema, "Nyumbani shamba ikimshinda mtu mmoja tunafanya nini? Si mwethya? Leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule." Basi tukalima vitabu hivyo. Kila mtu anachukua somo lake, analilima peke yake wiki nzima, siku yake ikifika anafundisha wenzake wawili. Mutua alichukua mifugo. Kimanzi akachukua udongo na mbolea. Mimi nikapewa kupima shamba.

Sheria ya mwethya unaijua. Siku yako ikifika huwezi kusema jembe imepotea. Watu wanakuja kwako tu, na wakikuta hujajitayarisha jina lako linaingizwa kwa wimbo wa kulima, mpaka watoto wanaenda nalo mtoni. Hata kwa chumba cha watu watatu tuliogopa huo wimbo.

Sasa nikuambie tulivyokuwa tunasoma, mimi na Kimanzi, maana hapo ndipo iko shida yote. Mimi nilikuwa na daftari safi kuliko ya mtu yeyote. Vichwa vya habari kwa wino nyekundu, mistari na rula. Walimu walikuwa wanaionyesha wengine. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara saba, mara nane, mpaka macho yangu yanauzoea, na nikiuzoea nafikiri nimeujua. Hayo ni mambo mawili. Uso wa chifu wetu nimeuzoea miaka kumi na mbili na bado sijui anafikiri nini.

Kimanzi daftari yake ilikuwa kama kuku amepita hapo. Lakini jioni, kabla ya kengele ya chakula, alikuwa anafunga kitabu, anageukia ukuta, anauambia ukuta yale alisoma mchana. Kikamba, Kiswahili, Kiingereza, vile inakuja. Akikwama anasema, "Hapa kuna shimo," anafungua kitabu, anaangalia hilo shimo peke yake, anafunga tena. Baada ya siku tatu anarudia yaleyale, na ukiingia unamkuta anabishana na ukuta. Mutua alimwita Mume wa Ukuta. Saa tatu alikuwa amelala, na sisi tumewasha taa tunajisumbua. Na darasani alikuwa anauliza mpaka watu wanaguna nyuma. "Mwalimu, hapo sijaelewa." "Mwalimu, tafadhali rudia." Siku moja alirudishiwa jambo moja mara nne, na mara ya nne mwalimu mwenyewe akaona amekosea ubaoni.

Mimi kwa miaka miwili sikuuliza swali hata moja. Nikaitwa mwerevu. Hata hao wawili walianza kuniita Mwalimu, kwa mchezo, na hilo jina likanishukia tumboni kama uji wa moto asubuhi ya Julai.

Siku yangu ya pimamaji ikafika. Mutua alikuwa hospitali na malaria, kwa hivyo tulikuwa wawili. Sikuwa nimeishika hiyo pimamaji na mkono wangu hata siku moja. Nilikuwa nimesoma tu. Kitabu hakikusema kapovu kanaenda wapi, ama kilisema nikapita. Na Kimanzi, vile alivyo, akaniuliza hapo hapo: "Mwalimu, kapovu kakikimbia kushoto, ni kushoto kuko juu ama kuko chini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema sijui. Ni neno moja. Nikasema, "Chini. Si ni maji? Maji inaenda chini." Na nikachukua chaki nikamchorea kwa ukuta wake, picha nzuri sana, na mishale. Akaandika. Kwa sababu nilisema bila kutetemeka, hakuuliza tena siku hiyo. Huyu mtu aliuliza dunia nzima mara ya pili na ya tatu, mimi peke yangu akaniamini mara ya kwanza.

Siku tatu kabla ya mtihani wa shambani, mkufunzi mmoja akanituma nimbebee vyombo. Nikamwona anapima mteremko, na nikaona kapovu kamepanda. Nikasema, kama mtu anatania, "Kumbe kanaenda juu?" Akacheka. "Kijana, ukizamisha kibuyu tupu mtoni, hewa inatokea juu ama inaingia kwa matope?"

Nilikuwa na siku tatu, mwaitu. Kitanda cha Kimanzi kilikuwa hatua nne kutoka changu. Nikasema nitamwambia akiwa peke yake. Akawa peke yake mara nyingi. Nikasema akimaliza kula. Akamaliza. Mutua alikuwa ametoka hospitali na nilikuwa nasikia kicheko chake kabla hajacheka. Nikajiambia labda Kimanzi ataona mwenyewe. Mtu akiwa na aibu anakuwa na akili nyingi ya kutafuta labda.

Asubuhi ya mtihani tulikuwa kwa laini ya uji. Kimanzi akanigeukia na kikombe. "Mwalimu, nithibitishie tu. Kapovu kanaenda chini, sindio?" Nyuma yetu kulikuwa na vijana kama ishirini wametega masikio. Nikamwambia, "Wewe enda tu. Unajua."

Walimpa kiwanja nyuma ya zizi la chuo, mahali tambarare hivi kwamba jicho haliwezi kukuambia juu ni wapi. Alitakiwa kupima mtaro wa kutoa maji ya mvua kuyapeleka kwenye nyasi. Kimanzi akapima bila haraka, kila kijiti mahali pake, kazi safi kuliko yangu, na akayapeleka maji yote ndani ya zizi la ng'ombe. Walimu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na huo mtihani ulikuwa wa lazima, ukiuanguka umeanguka vyote. Karatasi zingine zote alipita. Ya udongo alinipita mbali sana. Haikumsaidia. Wakamwambia arudi nyumbani.

Akifunga sanduku alisema, "Kichwa yangu imekataa. Wewe ulinifundisha vizuri, mimi ndio niligeuza." Alifikiri ndiye aligeuza. Nikamsaidia kubeba sanduku mpaka barabarani. Nilishika upande mmoja, yeye mwingine, na ni mwendo wa nusu saa, na sikusema.

Mimi nikapita, nikaletwa kazi hapa Migwani, na mwaka uliofuata wewe ukazaliwa.

Nisikudanganye kwamba nimeishi nikilia. Nimeishi vizuri. Lakini kuna kitu kilibadilika. Wiki ya kwanza nilipanda hiki kilima na mwethya, na Kalekye, wakati huo bado na nguvu ya kunibeba, akaniuliza mbele ya watu, "Tutajuaje kama wewe unajua?" Nikampa kijiti ashike. Nikasema msiniamini, pimeni wenyewe. Kila mama alishika, kila mama aliangalia kapovu, na aliyemaliza alimfundisha aliyemfuata mimi nikiwa nimenyamaza. Nilikuwa naogopa kufundisha na mdomo. Kumbe hiyo woga ndiyo ilikuwa dawa. Mvua kubwa ikaja mwezi wa kumi na moja, usiku mbili mfululizo, na asubuhi tukapanda wote kuangalia. Kila mtaro ulikuwa umejaa maji yametulia, kutoka juu mpaka chini, hakuna hata mmoja umebomoka. Kule ng'ambo, mahali watu hawakuchimba, udongo wote ulikuwa umeenda mtoni. Kalekye alivua viatu akaingia ndani ya mtaro wa kwanza, maji ikamfika magotini, akasimama hapo kama bibi arusi. Mpaka leo hicho kilima ni kijani wakati vingine ni kahawia, na wewe umekula mbaazi yake.

Na hapo ndipo nilisema neno lenyewe mara yangu ya kwanza. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini mbaazi yake inakauka kutoka juu. Nikasema, "Sijui. Nitauliza." Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Kalekye akaniambia tu, "Basi uliza haraka." Miaka miwili ya chuo niliogopa hiyo.

Sasa nifike kwa wewe. Ulipokuwa kidato cha pili ulikuja nyumbani likizo ya Agosti na alama ishirini na mbili ya hesabu. Ulikuwa umeificha ripoti ndani ya kitabu cha nyimbo. Mama yako akataka nikuchape. Nikakwambia unifundishe. Ulifikiri nakucheka. Lakini kila jioni tulikaa watatu tunaambua mbaazi, wewe una kipande cha mkaa na ubao wa mlango wa ghala, unanifundisha herufi zinazoficha nambari, na mimi nauliza maswali ya mjinga. Sikuwa najifanya, mwaitu. Hiyo hesabu sikuwahi kuijua. Na kila mahali nilikwama, wewe pia ulikuwa umekwama, ila ulikuwa umepita haraka usione. Nikasema, "Hapa kuna shimo." Hukujua naongea na mdomo wa nani.

Asubuhi moja ulinifuata kwa zizi, hata uso hujanawa. Ukasimama hapo na shuka mabegani. "Baba, jana nilikufundisha vibaya. Ile alama ukiivusha upande ule mwingine inageuka. Mimi sikugeuza. Futa yenye niliandika." Halafu ukaenda kunawa uso, ukiimba.

Nilibaki na ndoo mkononi. Ng'ombe alinipiga teke na sikusikia. Mtoto wa miaka kumi na tano aligundua amenifundisha vibaya, na hakungoja hata uji uive. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano pia, lakini ya kunyamaza.

Muhula uliofuata ukapata hamsini na nane. Baadaye sabini. Mwisho wa kidato cha nne hakuna mtu wa shule yenu alikufikia kwa hesabu, na walimu wakasema umepata akili. Haukupata akili. Kichwa ni kilekile. Ulipata njia, na hiyo njia si yangu. Ni ya Kimanzi, nilimwibia kwa kumtazama.

Basi Jumamosi akaja. Alisikia habari kwa wachuuzi wa mbuzi wenye wanapita hapa, na akaja na beberu, mwendo wote huo, bila kualikwa. Ukamwona alivyoingia. "Mwalimu," akanisalimia kwa sauti ya sokoni, "bado unapima hivi vilima? Havijachoka na wewe?" Akakubariki. Halafu akawageukia watu akasema, "Baba ya huyu msichana ndiye alikuwa mwalimu wangu chuoni, na alifundisha vizuri. Kichwa yangu ndiyo ilikuwa ya mbuzi. Ndiyo sababu nikaenda kukaa na wenzangu." Watu wakacheka, yeye akacheka zaidi. Hiyo stori huwa anaisema kila mahali. Nimeisikia kwa watu watatu tofauti.

Wewe uliitwa kupigwa picha, kwa hivyo hukusikia yaliyofuata. Mama yako akamuuliza, "Na Mwikali wako? Tulisikia amefaulu darasa la nane."

"Amefaulu. Hata barua ya sekondari imekuja."

"Si basi mwaka huu tutakula kwenu."

"Hapana, mama. Nimemwambia tusidanganyane. Hiyo ni bahati ya mwanzo, hata mimi nilikuwa nayo. Vitabu vitamkataa palepale vilinikataa. Ni damu yetu. Wacha akae dukani na mama yake, asiende kuchekwa."

"Na yeye anasema nini?"

"Halii. Amefunga daftari zake kwa gunia akaweka juu ya dari. Ananiuliza swali moja tu kila siku: 'Baba, wewe ulikosea wapi?' Namwambia sijui. Mpaka leo mimi sijui."

Mbithe, kwa dunia nzima ni mtu mmoja anajua jibu ya huyo mtoto, na huyo mtu alikuwa anatafuna nyama. Nikameza. Nikasema, "Karibu soda." Ndiyo hiyo mara ya pili nimekuambia.

Siku hizi zote nilifikiri nilimnyang'anya Kimanzi cheti tu, na nilikuwa najituliza: ana mbuzi mingi, ana nyumba ya mabati, anacheka kunishinda. Jumamosi ndipo nilielewa. Nilimpa uongo mdogo, sentensi moja ya kapovu, na yeye akaujengea nyumba nzima akamwingiza mtoto wake ndani. Shule ya Mwikali inafungua Jumatatu, si hii ya kesho, ile inayofuata. Asipofika hiyo siku nafasi yake inapewa mwingine.

Kwa hivyo sina mashauri yangu ya kukupa kesho kwa stendi. Yale mazuri ni ya Mume wa Ukuta na tayari unayo. Utafunga kitabu useme bila kuangalia. Utashika kitu na mkono kabla hujakifundisha. Utauliza mpaka wagune nyuma. Huko chuoni utaona wenye daftari safi, wenye hawaulizi, wanaitwa werevu. Usiwachukie. Mmoja wao ni baba yako.

Lakini kuna moja ni yangu, niliinunua mwenyewe. Baada ya miaka miwili utasimama mbele ya watoto hamsini, na watakuamini zaidi ya vile utastahili. Watakuamini kwa sababu umesema bila kutetemeka. Siku utagundua umewafundisha vibaya, na itafika, rudi kama ulivyorudi kwa zizi na shuka mabegani. Haikukupunguza. Mimi nilikuona mrefu kuliko mlango.

Na usifikiri naandika nikiwa na huzuni. Kalamu inakimbia. Ni kama ile asubuhi ya mvua, mtu anapanda kilima bado hajui mitaro imeshika ama imebomoka, lakini miguu yenyewe inakimbia. Miaka hii yote nimeogopa siku ya kusema. Sasa naiona inakuja na natamani iwe kesho. Fikiria, mwaitu. Kuna mtu huko Tseikuru ana kichwa nzuri kutushinda wote na hajui. Ana miaka arobaini na kitu, na anaenda kuambiwa. Ni watu wangapi wanapata habari kama hiyo?

Mama yako nitamwambia leo mkirudi, kabla ya chakula. Barua hii naiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya sweta, uisome ukifika. Usirudi. Usiandikie Kimanzi. Hiyo ni siku yangu ya mwethya, na safari hii jembe iko.

Ruhusa ya kazi nimeshaomba leo asubuhi kwa mkubwa wangu, siku tatu. Alhamisi ni soko la mbuzi Tseikuru, na Kimanzi anasimama hapo tangu alfajiri. Nitamkuta kabla mnada haujaanza, katikati ya wale wanunuzi wenye wamemsikia miaka yote akijiita kichwa ya mbuzi, na nitasema mbele yao wote, kwa Kikamba, ili hata mzee asiyesikia Kiswahili asikie: huyu mtu hakugeuza kitu, nilimfundisha uongo, nikajua ni uongo siku tatu kabla, akaniuliza kwa laini ya uji nikamwambia enda tu. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunichapa na fimbo ya mbuzi, na sitakimbia. Akimaliza, nitamwomba anipeleke nyumbani kwake, na akikataa nitaenda mwenyewe kwa miguu niulize njia.

Alhamisi hii, kabla jua halijafika utosini, Mwikali atakuwa amejua baba yake alikosea wapi, kwamba hakukosea popote. Na siku nne zitakuwa zimebaki shule ifunguliwe.

Baba yako,
Nzioka